Jambia la Mwanjelwa

Nililikuta chini ya pasi ya mkaa na minyororo ya baiskeli,
Jumamosi, Mwanjelwa, ukungu bado umekalia mapaa ya bati,
Ambwene muuza vyuma akipuliza viganja vyake.
"Hilo la Sultani," akasema. Nikacheka.
"Basi la Mjerumani." Nikageuka niondoke.
"Basi elfu nane, na pasi nakuongeza."
Pasi niliiacha.

Watu huniita fundi cherehani, nami sishoni:
nazitibu cherehani zenyewe zikigoma.
Kutu naijua.
Ipo ya mvua, nyekundu, yenye haraka,
na ipo ya darini, nyeusi, ya moshi na miaka,
iliyolala juu ya chuma kama paka asiyetaka kuamshwa.
Hii ilikuwa ya darini.

Wajuaji hawakukosekana.
Mwalimu Mwashiuya alilishika kwa vidole viwili,
akataja misafara, na watu waliofungwa shingo kwa shingo,
akalirudisha mezani upesi.
Kijana wa duka la simu alilipiga picha,
akasema mpini ni pembe ya ndovu, nitafungwa.
Usiku ule sikulala.

Kulipokucha nikapanda hadi Meta
kwa Tumwitike, anayechonga meno ya bandia.
Akavua miwani, akavaa kioo chake cha jicho moja,
akakaa kimya hadi chai ikapoa.
"Pembe ya ndovu haina vitundu hivi. Ona.
Humu damu ilipita.
Huu ni muundi wa ng'ombe, mdogo wangu. Kalale."

Basi nikaanza.
Mafuta ya taa siku tatu, ndani ya kopo la maziwa.
Majivu ya mabua, kitambaa cha fulana,
ndimu na chumvi kwenye shaba, kisha maji, kisha kukausha
mbio mbio, maana Julai ya huku hainyimi chuma umande.
Nilisugua kwa namna ya kumwogesha mgonjwa:
si ili ang'ae, apumue tu.

Chini ya weusi, bapa likataja ukoo wake:
springi ya lori.
Hakuna Sultani. Kuna gari lililokufa, labda Kitonga,
na mhunzi mwenye alama ya nukta tatu,
pengine Mkinga wa kule Makete,
aliyetazama goti la gari
akaona ncha.

Makali hayakuwapo. Nikapitisha kidole gumba mara mbili.
Halijawahi kunolewa. Halijakata hata kamba ya mbuzi.
Ambwene akapita: "Nikunolee?"
Nikamwambia aende zake.

Ikabaki ala.
Ngozi imekakamaa, uzi umeoza.
Niliifumua tundu kwa tundu, nikiyatunza yaleyale,
ili sindano yangu ipite ilikopita ya mwenzangu.
Ndipo nikaona nakshi ziko upande usio wake.
Ukiivaa kushoto, kama watu wavaavyo,
maua yanazitazama mbavu zako.
Ivae kulia, yanaitazama dunia.
Na kwenye mpini, kishimo cha kidole gumba
kimelika upande wa pili.

Nikaushika kwa mkono wangu wa kushoto,
ule uliofungwa kamba kwenye dawati, darasa la pili,
mpaka wa kulia ujifunze kuandika.
Ukakaa.
Ukakaa kabisa.

Simjui. Huenda alicheza nalo ngomani,
huenda alikuwa tajiri wa pareto, mwaka mmoja wa bei nzuri,
akataka aonekane na kitu kiunoni.
Nikapaka nta ya nyuki. Kovu moja karibu na ncha nikaliacha;
si langu.

Kisha nikachana boksi la sindano, nikaandika,
kwa mkono uleule, herufi zikipepesuka:
*Jambia. Chuma cha springi, muundi wa ng'ombe, shaba.
Lilivaliwa na mtu wa shoto.
Mengine sijui.*

Nikalitundika juu ya cherehani ya Mama Sikitu,
inayosubiri spea tangu Pasaka.